Hotuba juu ya Kanisa Kuu la Florence, Iliyosomwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imenitaka niwaeleze niliyoyaona katika safari yangu ya Italia, nami nimekubali kwa furaha, ila kwa sharti moja, kwamba nisiieleze safari nzima. Mtu atokaye mbali huwachosha wenzake kwa habari za ndege, hoteli na vyakula. Kwa hiyo nimechagua mahali pamoja tu, napo ni Kanisa Kuu la mji wa Florence pamoja na uwanja unaolizunguka. Nimelichagua kwa sababu katika uwanja ule ule pana nyumba ya chama kinachofanya kazi inayofanana na yetu, nacho kimeifanya kwa karne saba na zaidi. Nitaanza na kanisa. Walakini nawaomba wazee wangu waikumbuke nyumba hiyo, maana ndiko ninakoelekea.

Florence ni mji wa kale uliojengwa bondeni, na mto Arno wapita katikati yake. Zamani utajiri wake ulitokana na mabenki na nguo za sufu. Mwaka 1296 wenyeji walianza kujenga kanisa kuu jipya chini ya fundi aitwaye Arnolfo di Cambio, wakalipa jina la Santa Maria del Fiore, maana yake Mtakatifu Maria wa Ua. Kuta zake za nje zimevikwa marumaru nyeupe, ya kijani na ya waridi, zikapangwa kwa mistari na miraba kama mkeka uliosukwa kwa ukindu wa rangi. Msafiri aliyezoea makanisa yetu ya mawe na mabati hushangaa, na hilo halihitaji kuelezwa. Mimi nalitaka zaidi kujua ni nani aliyelipa.

Si mfalme, kwa kuwa Florence haikuwa na mfalme. Wala si askofu peke yake. Mwaka 1331 wakuu wa mji waliikabidhi kazi hiyo kwa chama cha wafanyabiashara wa sufu, na mpaka leo mgeni akitazama vizuri ataiona nembo yao, mwana-kondoo mwenye bendera, imechongwa katika mawe. Fedha zilitoka katika kodi na michango ya wenyeji, zikasimamiwa na ofisi maalum iitwayo Opera, neno ambalo katika lugha yao maana yake ni “kazi” tu. Opera iliajiri makarani walioandika kila kitu: chokaa iliyonunuliwa, mawe yaliyofika, magogo, na ujira wa mafundi. Vitabu vingi vya hesabu hizo vingalipo, na wataalamu wamevisoma ukurasa kwa ukurasa. Ofisi yenyewe nayo ingali hai. Ndiyo inayolitunza kanisa hata leo, kwa fedha za tiketi za wageni wanaopanda juu ya kuba na wanaoingia katika makumbusho. Kuingia kanisani kwenyewe ni bure. Bwana Katibu wetu, ambaye kila mwaka hulaumiwa kwa kudai risiti, angestarehe sana katika mji ule.

Msidhani lakini kwamba kazi ilikwenda mbio. Tauni ya mwaka 1348 iliua sehemu kubwa ya watu wa mji. Mwaka 1367 waliobaki walikubaliana juu ya mfano wa kuba ambayo upana wake ungekuwa kiasi cha mita 45, na wakati huo hapakuwa na fundi hata mmoja aliyejua namna ya kuijenga. Wakaendelea na kuta, wakitumaini kwamba Mungu atamleta mtu. Hata kuta zilipokwisha, kanisa likawa na tundu kubwa juu ya mahali pa madhabahu. Ni nani kati yetu asiyelijua jengo la umma lililosimama bila paa, watoto wakilichezea, na wazee wakigeuza uso wanapolipita? Florence ilikuwa na jengo la namna hiyo, tena mbele ya macho ya Italia nzima.

Mwaka 1418 Opera ilitangaza shindano. Aliyekubaliwa baada ya mabishano mengi alikuwa Filippo Brunelleschi, mtu ambaye ufundi aliofunzwa ulikuwa wa usonara. Wengine walisema kwamba kuba haiwezi kujengwa bila kushikiliwa na kiunzi cha miti kutoka chini mpaka juu. Yeye akasema itajengwa bila kiunzi hicho. Alijenga kuba mbili, moja ndani ya nyingine, na nafasi kati yake. Matofali aliyapanga kwa mtindo wa mifupa ya samaki, mengine yamelala na mengine yamesimama, hata kila duru ikajishikilia yenyewe kabla ya kufungwa. Yasemekana kwamba matofali hayo yapita milioni 4. Kwa kuinua mizigo alibuni mtambo uliozungushwa na maksai, nao uliweza kugeuza mwendo, mzigo ukapanda au ukashuka bila maksai kufunguliwa na kugeuzwa. Kazi ilianza mwezi wa Agosti 1420, na kuba ikafungwa mwaka 1436, ukiacha taji ya marumaru iliyo kileleni, ambayo Brunelleschi hakuiona imekamilika, kwa sababu alikufa mwaka 1446. Mafundi waliokuwa juu walipewa divai iliyochanganywa na maji. Sababu yake kila mtu aweza kuikisia.

Kuna habari moja ya mtu huyu ambayo naliipokea kwa furaha, na nadhani Mweka Hazina wetu ataipenda. Mwaka 1434, kuba ikiwa karibu kwisha na jina lake likiwa midomoni mwa watu wote, Brunelleschi alikamatwa akatiwa gerezani kwa siku kadhaa. Kosa lake ni kwamba hakulipa ada ya chama cha mafundi wa mawe na mbao. Ilibidi Opera iingilie kati ndipo akafunguliwa. Sisemi kwamba tufuate mfano huo.

Mgeni hupanda ngazi 463, nyingine kati yake zikiwa ndani ya ile nafasi iliyo kati ya kuba mbili. Simshauri mzee mwenye magoti mabovu ajaribu, kwa kuwa lifti hakuna, na mahali pengine njia ni nyembamba hata watu wawili hawapishani. Njiani hupita kwenye roshani ya ndani, na hapo picha ya Hukumu ya Mwisho iliyochorwa chini ya kuba humkaribia usoni. Ilianzwa na Giorgio Vasari mwaka 1572. Naye alipokufa mwaka 1574 ikaendelezwa na Federico Zuccari, akaimaliza mwaka 1579. Imeenea mita za mraba 3,600 hivi. Ukiwa chini waona makundi ya watu wadogo mawinguni: juu wale wazee 24 wa kitabu cha Ufunuo, chini yao Kristo pamoja na watakatifu, na chini kabisa wenye dhambi mikononi mwa mashetani. Ukiwa roshanini watu hao wamekuwa majitu, na rangi imepakwa kwa brashi pana, kwa kuwa mchoraji alijua kwamba kazi yake itatazamwa kutoka mbali. Wageni wengi husimama hapo midomo wazi. Kusema kweli, mimi picha hiyo sikuipenda sana. Ina makelele mengi. Matofali ya Brunelleschi yaonekanayo hapa na pale njiani, yakiwa yamelala na kusimama vile vile kama alivyoyaacha, yalinigusa kuliko mashetani wote wa Zuccari.

Ndugu zetu Waislamu walio wanachama waliniuliza kabla ya mkutano huu, nami nalilitegemea swali lao, kwamba nyumba ya ibada ina haja gani na sanamu nyingi kiasi hicho. Sikuja hapa kuanzisha mabishano ya dini. Isitoshe, Wakristo wenyewe katika historia yao hawakuwa na kauli moja juu ya jambo hilo. Naweza kusema tu jinsi watu wa Florence walivyozitumia. Wengi wao hawakujua kusoma, na ukuta ndio uliokuwa kitabu chao.

Kitabu hicho chasomeka vizuri kabisa kwenye mnara wa kengele ulio ubavuni mwa kanisa, ambao ulianzwa na mchoraji Giotto mwaka 1334. Sehemu ya chini ya mnara imezungushiwa mabamba ya marumaru yenye pembe sita, kazi ya Andrea Pisano na wenzake. Yale ya asili yamehifadhiwa ndani ya makumbusho, na yaliyoko ukutani sasa ni nakala. Nalitegemea kuona mitume na malaika. Badala yake naliona mchungaji ameketi katika hema lake, kondoo na mbwa wakiwa mbele yake. Naliona mhunzi kazini, mkulima na maksai wake wa plau, mwanamke kwenye mtambo wa kufumia nguo, watu katika mashua, na waashi wakiupandisha ukuta. Kuna na tabibu aliyeinua chupa ya mkojo wa mgonjwa ili aitazame vizuri. Hata Adamu na Hawa, baada ya kufukuzwa bustanini, hawaonyeshwi wakilia. Adamu ana jembe mkononi, na Hawa asokota uzi.

Nalisimama pale muda mrefu. Kuiweka chupa ya mkojo kwenye ukuta wa nyumba ya Mungu ni jambo linalotaka moyo. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa sufu, waliojua kwamba kila bamba la marumaru lilitoka katika uzi uliosokotwa na mtu, na pengine mtu huyo alikuwa mwanamke maskini asiyelijua jina la Giotto.

Mbele ya kanisa iko nyumba ya ubatizo, ambayo ni ya kale kuliko kanisa lenyewe, nayo ina milango mashuhuri ya shaba. Ulio mashuhuri kuliko yote ni kazi ya Lorenzo Ghiberti, aliyeishughulikia kuanzia mwaka 1425 mpaka 1452. Una mabamba 10 yaliyopakwa dhahabu, yenye habari za Agano la Kale. Bamba la Esau na Yakobo wazee wetu wangelielewa bila mkalimani: mbwa wa mwindaji, baba asiyeona, mama aliyempenda mmoja kuliko mwingine, na baraka ya mzaliwa wa kwanza ambayo ikishatolewa hairudishwi. Bamba la mwisho ni la Mfalme Sulemani akimpokea Malkia wa Sheba, ambaye Wahabeshi humhesabu kuwa ni wao. Nami nalikumbuka kwamba mwaka 1441, Ghiberti akiwa bado na mlango huo mikononi, watawa wa Kihabeshi kutoka Yerusalemu walifika Florence kuhudhuria mkutano mkuu wa Kanisa uliokuwa ukifanyika huko. Sisi si Waafrika wa kwanza kushangaa katika uwanja ule.

Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika. Maji yaliyochanganyika na matope na mafuta yaliingia uwanjani kwa nguvu, yakaupiga mlango huo hata mabamba 5 kati ya 10 yakang’oka. Vijana wa nchi nyingi walikwenda kutoa vitabu, picha na sanamu matopeni, na wenyeji wakawaita malaika wa matope. Kuusafisha mlango kulichukua miaka mingi. Mwaka 2012 ndipo ulipoonyeshwa tena ukiwa mzima, ndani ya makumbusho, na ule wanaoupiga picha wageni huko nje ni nakala. Katika mafuriko yayo hayo sanamu ya mti ya Maria Magdalena, iliyochongwa na Donatello, ililoa matope. Ni mwanamke mzee, amekonda mno, nywele zake zimemfunika mwili wote. Walipomsafisha walikuta kwamba chini ya rangi nzito aliyopakwa baadaye, nywele zile zilikuwa na dhahabu.

Sasa nafika kwenye kitu ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kikubwa kupita vyote katika mahali pale, kuliko hata kuba. Kimo katika makumbusho hayo hayo, yaliyo nyuma ya kanisa. Ni sanamu ya marumaru ya Michelangelo. Alianza kuichonga akiwa amepita umri wa miaka 70, naye hakuagizwa na mtu. Aliikusudia kwa kaburi lake mwenyewe. Ni watu wanne waliotolewa katika jiwe moja. Kristo amekufa, mwili umelegea, na mguu umekunjika kwa uzito. Mama yake amemshika upande mmoja, Maria Magdalena upande wa pili. Nyuma yao, juu yao wote, amesimama mzee aliyefunikwa kichwa kwa nguo, ndiye Nikodemo, akiwa ameinama kuushikilia mwili usiporomoke. Wengi husema kwamba uso wa mzee huyo ni uso wa Michelangelo mwenyewe. Hakuimaliza. Mwaka 1555 aliipiga nyundo akaivunja, na baadaye fundi kijana, Tiberio Calcagni, akaviunga vipande. Mguu wa kushoto wa Kristo haupo mpaka leo.

Wazee wangu, ninyi mmebeba maiti. Mwajua jinsi mwili usio na roho ulivyo mzito kuliko ulipokuwa hai, jinsi unavyoteleza mikononi, na jinsi mtu mmoja hawezi hata akiwa na nguvu za simba. Fundi huyu alilijua hilo. Katika sanamu ile kila mmoja amechukua sehemu ya uzito, na hakuna anayemtazama mwenzake kuona amechukua kiasi gani. Nalitembelea makanisa mengine katika safari ile na kuona picha za mazishi zilizojaa malaika na machozi. Hapa naliona kazi yenyewe ya kuzika.

Ukitoka katika makumbusho ukauzunguka uwanja mpaka kwenye mnara wa kengele, utaona ng’ambo ya njia gari za wagonjwa zimepangwa mbele ya nyumba moja. Hiyo ndiyo nyumba niliyowaomba mwikumbuke. Ni ya chama kiitwacho Misericordia, yaani Rehema, nacho huhesabu umri wake tangu mwaka 1244, yaani kabla ya jiwe la kwanza la kanisa kuu kuwekwa.

Juu ya mwanzo wake husimuliwa hadithi ambayo wanahistoria hawaitilii mkazo, lakini wenyeji waipenda, na mimi pia. Yasemwa kwamba palikuwa na mahamali waliongojea kazi uwanjani, wabeba marobota ya sufu, na kama mahamali wa kila mahali walikuwa na vinywa vichafu. Mmoja wao, aitwaye Piero di Luca Borsi, alichoshwa na matusi na kufuru, akawashauri wenzake kwamba kila atakayemkufuru Mungu atie sarafu kisandukuni. Wakakubali. Kisanduku kilijaa upesi, jambo ambalo halishangazi. Kwa fedha hizo wakanunua machela sita, moja kwa kila mtaa wa mji, wakaanza kuwachukua wagonjwa kuwapeleka hospitali, na kuwazika maskini waliokufa bila jamaa.

Hiyo ndiyo hadithi. Kazi yenyewe haina shaka, maana imeandikwa. Katika miaka ya tauni watu hawa waliingia katika nyumba ambazo ndugu wa damu walizikimbia. Kengele ilipolia, mwanachama aliacha shughuli yake, awe mtu wa cheo au fundi viatu, akavaa joho jeusi lenye kofia iliyoufunika uso wote, ikabaki nafasi ya macho tu. Watalii wa zamani waliandika kwamba waliogopa walipowaona njiani. Lakini sababu ya kuficha uso ilikuwa nzuri. Aliyebebwa asijue ni nani aliyembeba, asije akajiona ana deni kwake. Na mbebaji naye asipate sifa. Kwa mila yao hawakupokea malipo wala zawadi, isipokuwa maji ya kunywa. Na mmoja alipompokea mwenzake mzigo, alimwambia kwamba Mungu amlipe. Siku hizi nyuso hazifichwi tena, na machela yamekuwa magari yenye oksijeni. Lakini kazi ingali ya kujitolea, na nyumba ingali pale pale.

Jambo hilo si geni kwetu kama liwezavyo kuonekana. Katika mazishi ya Kiislamu pwani yetu, sote tumeona jinsi watu wanavyopokezana jeneza njiani. Mtu hulishika hatua chache, mwingine huingiza bega lake, na hapana anayesimama pembeni kuhesabu nani amekwenda hatua ngapi.

Kwa ufupi niwaambie pia kwamba Brunelleschi yule yule, katika miaka ya kazi ya kuba, alichora ramani ya nyumba ya watoto wachanga walioachwa, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1419 kwa fedha za chama cha wafanyabiashara wa hariri. Iko mwendo mfupi kutoka kanisani. Mtoto wa kwanza alipokelewa mwezi wa Februari 1445. Nyumba hiyo ingali ikihudumia watoto. Mtu mmoja, basi, alifunika tundu la kanisa na kuwapa dari watoto wasio na baba, naye mwenyewe asilipe ada.

Nimesema nilikokuwa nikielekea, nami nimefika. Katika ajenda ya leo, namba ya sita, kuna pendekezo ambalo nimelileta kwa jina langu. Desturi ya vyama vyetu yajulikana. Msiba ukitokea, karatasi huzungushwa, na jioni husomwa kwa sauti matangani: fulani shilingi elfu tano, fulani elfu moja, fulani mia mbili, fulani bado. Desturi hiyo ina sababu zake, na waliotangulia walioianzisha hawakuwa wajinga. Huzuia fedha kupotea njiani, na humwamsha mwenye mali anayejifanya amelala. Walakini nimeona pia matokeo yake mengine. Nimeona watu wanaoacha kuja matangani kwa kuwa hawana cha kusomewa. Mama mmoja aliniambia kwamba afadhali watu waseme yu mgonjwa kuliko lisikike jina lake na shilingi hamsini. Na mama huyo ndiye ambaye, kama si aibu ile, angekaa na mfiwa usiku kucha, akateka maji na kuwasha moto. Tumepata shilingi za wengine na kupoteza mikono yake.

Nimeambiwa kwamba nataka kuficha hesabu. La. Opera ya Florence iliandika mpaka chokaa. Nataka mchango wa kila mtu uandikwe katika kitabu, apewe risiti, na wakaguzi wakikague kitabu hicho kila mwezi wa Desemba, na mwanachama ye yote awe na haki ya kuutazama mstari wake. Kinachosomwa matangani kiwe jumla tu. Karatasi isizungushwe, sanduku liwekwe mahali, na karani mmoja aketi kando yake na kitabu.

Nimeambiwa tena kwamba makusanyo yatapungua. Yawezekana yakapungua miezi ya kwanza. Nami nimependekeza kwamba tujaribu kwa mwaka mmoja, kisha tulinganishe si fedha tu, bali idadi ya watu waliolala matangani na waliosafiri na maiti mpaka nyumbani, kwa kuwa hilo nalo twaweza kulihesabu. Wajumbe wawili wa Kamati, ambao nawaheshimu na ambao wamelitumikia jeneza la chama hiki kwa miaka mingi kuliko mimi, wanalipinga pendekezo hili, nao wataeleza sababu zao tutakapofika namba ya sita.

Picha chache nilizonunua Florence, za kuba, za mabamba ya mnara, na ya sanamu ya Michelangelo, ziko mezani kwa Katibu; wazee wazitazame kwanza, kisha zipite kwa wengine. Sasa nampisha Bwana Mweka Hazina, ambaye ana hesabu za mwaka za kusoma, na orodha ya wale ambao ada zao hazijafika.